Mluzi wa Kuita Njiwa

Malmö, 14 Septemba 1998

Kaka Erwin,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Trauda, na kwamba magoti yako yanakupa nafasi ya kupanda ngazi. Sisi huku afya tunayo. Mke wangu Irena anapika kwenye shule moja, na mimi, tangu kiwanda cha meli kilipofungwa, nachomelea vyuma kwenye karakana ya mabasi.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu baba azikwe hatujaandikiana, na hata wakati ule ilikuwa kadi tu. Kwa hiyo sizunguki.

Nina binti, anaitwa Bogna, ana miaka kumi na saba. Anarusha tufe. Sikumfundisha mimi, na wala sikuwahi kumwambia kwamba kwetu tulirusha. Alikuta picha yako kwenye kasha la Irena, umevaa medali ya mashindano ya Ulaya, akaniuliza, "Huyu nani, mbona ana shingo kama yako?" Nikamwambia ni baba yako mkubwa, bingwa. Alininunia wiki nzima kwa kumficha.

Kocha wake wa huku anasema mkono anao ila miguu haijui la kufanya. Yeye mwenyewe anataka kuja kwako baada ya Pasaka, akae mwaka mmoja, umfundishe. Nimesikia unafundisha wasichana pale klabu ya mgodi. Ukikubali niambie. Ukikataa niambie pia, nitajua namna ya kumweleza. Lugha yetu anaisikia vizuri, hata matusi ya wachimba makaa.

Alojz Kopiec

*

Ruda, 1 Oktoba 1998

Mdogo wangu Alojz,

Barua yako ilifika Jumanne. Trauda aliileta ameishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichotoka jikoni sasa hivi, akaiweka mezani, akasema, "Ya Uswidi. Kaeni wawili, wewe na hiyo barua." Akafunga mlango. Namshukuru Mungu kwamba nyote mnaendelea vizuri. Sisi tunapumua. Trauda ana sukari lakini keki ya Jumapili haiachi. Mimi ngazi napanda, kushuka ndiyo kesi.

Jibu ni ndiyo. Aje. Chumba kipo, kile kile chetu, chini ya banda la njiwa. Njiwa wa baba bado ninao, wajukuu wa wale unaowajua. Wakianza kunguruma alfajiri atazoea, wewe ulizoea.

Umesikia kweli, nafundisha wasichana. Nilipovunjika kidole cha kati tufe lilikataa kukaa mkononi, nikawa sina kazi, maana kwingine kote mimi ni mtu wa darasa la ufundi la mgodini tu. Klabu wakanipa banda la zamani la taa za wachimbaji, kando ya uwanja wetu ule ule, tukamwaga zege ndani, tukachora duara la siku za baridi. Wazee wa zamu ya zamani wanakuja kukaa kwenye benchi na kunichokoza. Mzee mmoja juzi ananiambia, "Erwin, enzi zako ulikuwa unanguruma kama winchi. Hawa wanatoa sauti kama birika." Nikamwambia, "Na wanatupa mbali kuliko unavyotema mate." Akanyamaza, mpaka zamu ya msichana wa pili.

Miguu itafundishika. Mkono ndio haufundishiki, na huo amekupora wewe. Wewe ulikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, Alojz. Sijawahi kukuambia, nakuambia sasa.

Mwandikie Irena salamu zangu, ingawa mko nyumba moja.

Kaka yako,
Erwin

*

Malmö, 19 Oktoba 1998

Kaka Erwin,

Tumepokea barua, na tumefurahi kwamba mpo. Shemeji aangalie hiyo sukari, Irena anasema keki ya mbegu za mpopi haina huruma.

Nilimsomea Bogna mezani. Alisimama akaenda kuzunguka nyumba kwa nje, akarudi, akasema, "Sawa," akaendelea kula. Usiku nikamsikia anasukuma meza chumbani ili apate nafasi ya kufanya mazoezi ya miguu.

Sasa anataka kujua kila kitu. Imebidi nimweleze kwa nini baba yake hakwenda mashindano ya Ulaya na baba yake mkubwa akaenda. Nimemweleza mluzi wa baba, ule wa kuita njiwa, miwili mifupi na mmoja mrefu. Nikamwambia, kwenye mashindano ya njiwa, ndege akifika wa kwanza halafu akakaa juu ya paa anajichambua manyoya, hana faida, mpaka aingie bandani ndipo saa inagongwa kuandika muda wake. Kwa hiyo babu yako aliwafundisha kuja kwa mluzi, na sisi akatufundisha hivyo hivyo. Tukiwa barabarani na mpira, mluzi ukilia, tunaacha mpira.

Nikamwambia: siku ya kuchagua timu, hapo hapo uwanjani kwetu, nilirusha mara ya mwisho, tufe likapita la baba yako mkubwa. Lilikuwa limeshaanguka. Kilichobaki ni mimi kutulia na kutoka kwa nyuma ya duara, sheria ndiyo hiyo. Kaka alikuwa amesimama kule lilikoangukia. Furaha ikamzidi, akapiga mluzi wa baba. Na mimi, njiwa mjinga, nikavuka ubao wa mbele nikamkimbilia. Kibendera chekundu kikapanda, hawakupima hata.

Bogna alicheka mpaka akashika ubavu. "Ulikosa Ulaya kwa mluzi?" Nikamwambia, kosa langu mwenyewe, mtu mzima unatoka kwa mbele kama mtoto wa shule. Kaka alifurahi tu.

Nilifurahi kumsimulia. Miaka mingi sikuweza.

Alojz

*

Ruda, 8 Novemba 1998

Mdogo wangu Alojz,

Naomba mwili wako na wa nyumba yako uwe na nguvu barua hii inapofika. Ukae chini kabla hujaisoma. Bogna asiwepo.

Nimeandika hii mara kadhaa nikachoma jikoni. Trauda aliuliza mbona nyumba inanuka karatasi. Wiki iliyopita, siku ya Watakatifu Wote, nilipeleka mishumaa kaburini kwa baba, nikamwambia yeye kwanza. Kumwambia marehemu ni rahisi, hakuulizi swali.

Sikupiga mluzi kwa furaha.

Ningeweza kuacha ulivyomweleza mtoto. Ni hadithi nzuri, na mimi ndani yake ni kaka mwema. Ndiyo maana siwezi kuiacha. Angekuja hapa, akalala chumbani kwetu, akanisikiliza ninapomwambia weka mguu hapa, toa mguu hapa, na kila neno langu lingekuwa limesimama juu ya uongo.

Ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa nimemaliza kurusha. Nilikuwa wa kwanza na nafasi ilikuwa moja, wewe ulijua na mimi nilijua. Nikaenda kusimama pembeni ya uwanja wa matufe, karibu na bendera ndogo iliyoonyesha alama yangu. Nilijiambia naenda kukutia moyo. Ukarusha. Sikuhitaji kuangalia likiwa hewani, nilijua kwa sauti yako, hukunguruma, ulitoa pumzi tu kama mtu anayetua mzigo. Likapita bendera yangu. Lilitua mbele yangu, nikasikia ardhi miguuni.

Nikakuangalia. Ulikuwa bado ndani ya duara, kwa mguu mmoja, mikono umeitanua. Ukasimama. Ukashusha mguu wa pili. Mwamuzi alikuwa ameshashika kibendera cheupe, hajakiinua, anasubiri ugeuke. Ulikuwa unaanza kugeuka. Nakumbuka bega lako la kushoto linavyoanza.

Nikapiga mluzi wa baba na kufungua mikono.

Sikufikiri maneno yoyote. Lakini nilijua, Alojz. Nilijua kama unavyojua kisu kiko wapi jikoni kwako gizani. Nilijua utakuja, maana ulikuja kila mara tangu ukiwa na miaka mitatu, tangu tunakuita Lojzik. Na ulipokuja, na watu wakasema "Aaa," nilikukumbatia, na wakati nakukumbatia nikasogeza miguu nikasimama juu ya shimo la tufe lako ili mtu asije akasema hata kwa macho tu, jamani lilikuwa mbali. Nikalisaga kwa viatu vyangu. Wewe ulikuwa unacheka na kulia begani kwangu na kusema samahani. Ulikuwa unaniomba samahani mimi.

Nikaenda Ulaya. Nilishinda kwa haki kule, hilo sitalikana, nilirusha kama sijawahi. Kila mwaka baada ya hapo nilikuwa bingwa wa taifa, magazeti, mikono ya wakubwa, gari. Mwandishi mmoja aliniuliza siri yangu, nikamwambia ni kutulia ndani ya duara.

Na kuna kingine. Baba, mpaka anafariki, alikuwa anakuita "yule wa kuruka ubao." Mezani, mbele ya wageni, anaigiza unavyoruka. Ningeweza kumnyamazisha kwa sentensi moja. Nilikuwa namwongezea supu. Ulipopanda meli kwenda Uswidi, watu walisema umefuata mshahara. Mimi nilijua umechoka kuwa kichekesho cha nyumba hii.

Sina udhuru ninaouweka hapa. Nilikuwa na wivu, na mkono wako ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Chumba cha Bogna kipo. Lakini sasa unajua unampeleka kwa nani.

Erwin

*

Ruda, 29 Desemba 1998

Alojz,

Mungu awape mwaka mzuri na kifua kisicho na mafua. Siandiki kukuharakisha. Trauda amesema nikuandikie kwamba hata usipojibu, sisi hatujakasirika. Nimemwambia, nani kati yetu ana haki ya kukasirika? Akasema, "Andika hivyo hivyo, wewe." Basi nimeandika.

Kwenye bahasha kuna kipande cha mkate wetu mwembamba wa mkesha wa Noeli, ule wa kumegeana na kusameheana. Tumemega upande mmoja. Upande wa pili ni wenu, kama mtaona sawa. Kama si sawa, wape ndege.

Erwin

*

Malmö, 21 Februari 1999

Erwin,

Sisi ni wazima. Natumaini na ninyi.

Nilisoma barua yako ya Novemba ndani ya basi bovu karakanani, maana ndipo pekee pasipo na mtu. Halafu nikaiweka mfukoni mwa koti la kazi na nikawa nayo huko, naitoa, nairudisha. Ina matundu ya cheche sasa.

Nitakuambia ukweli. Kwanza nilitaka kuja kukupiga. Nilihesabu umri wetu nikaona tutachekesha watu. Halafu nikakasirika kwa jambo usilolitarajia. Miaka yote hii nilikuwa najilaumu. Nimejiita mjinga asubuhi nikinyoa. Nilimlea mtoto wangu nikimwambia angalia usije ukawa na kichwa kama cha baba yako. Nilikuwa nimeshazoea ujinga wangu, tulikuwa tunaishi vizuri. Sasa umeniondolea ujinga, umeniachia kaka mwizi. Sijui kipi ni kizito zaidi.

Nilimpa Irena asome. Alisoma amesimama. Akasema, "Mtu wa miaka hamsini ameandika haya na hakuna aliyemlazimisha. Mkaribishe au mfukuze, lakini usimwache amesimama mlangoni, ni baridi." Unamjua alivyo.

Mkate tulimega. Irena alimega kwanza.

Sitaki uende gazetini. Hakuna anayenijua, na wewe ukijivua nguo mbele ya watu hainivishi mimi. Nataka jambo moja. Bogna anakuja. Bado anaamini niliyomweleza. Umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajashika tufe hata moja kwako. Usimpunguzie. Akitaka kurudi, umpandishe treni ya bandarini siku hiyo hiyo, na hutamshawishi. Akikaa, amekaa.

Alojz

*

Ruda, 18 Aprili 1999

Mdogo wangu Alojz,

Shikamoo zote za Bogna nazituma pamoja na zangu, yeye anasema ataandika akipata muda, na muda hana. Alifika salama. Ni mzima na anakula. Trauda anasema hajafurahia kupika namna hii tangu mimi nikiwa bingwa.

Nimefanya ulivyosema. Alipofika alitaka twende uwanjani na mabegi mkononi. Nikamwambia, kaa kwanza, kula. Trauda alikuwa amepika madonge ya viazi na kabichi nyekundu. Nikasubiri amalize sahani, maana habari mbaya juu ya tumbo tupu ni dhambi nyingine. Halafu nikamwambia yote, mluzi, mikono, na viatu. Trauda alikuwa amesimama kwenye jiko ametupa mgongo. Alikuwa hajui habari ya viatu, hiyo sikuwa nimemwambia.

Bogna hakulia. Halafu ikawa hivi:

"Kwa hiyo ulimwibia baba."

"Ndiyo."

"Na yeye anajua?"

"Nilimwandikia Novemba."

"Ndiyo maana alikuwa anavaa lile koti mpaka ndani ya nyumba." Akasukuma sahani. "Mbona hukumwambia babu?"

"Niliogopa."

"Mtu mkubwa hivyo?"

"Mtu mkubwa hivyo."

Akaniangalia kama unavyoangalia uzio uone kama utakubeba. Akasema, "Mimi siwezi kukusamehe, baba mkubwa, sikuibiwa mimi. Kamsumbue baba kwa hilo." Nikasema sawa. Nikamwambia treni ya bandarini iko jioni, naweza kumpeleka. Akasema, "Nimekuja kurusha. Lakini nikiwa ndani ya duara usiniite. Hata nyumba ikiungua."

Trauda bila kugeuka akasema, "Nitakuita mimi."

Halafu Bogna akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Lilienda mita ngapi?"

Nikamwambia hakuna anayejua, halikupimwa.

"Wewe ulisimama juu ya shimo lake. Unapajua."

Alojz, napajua. Nafanya kazi pale kila siku. Kuna kile kifuniko cha chuma cha mfereji nje ya mstari, bado kipo. Hapo ni mkabala nacho, urefu wa kiatu changu kimoja kuelekea mlingoti wa taa. Tangu siku ile sijawahi kupakanyaga tena, huwa napazunguka. Wasichana wananicheka, wanadhani ni goti.

Tulienda. Duara la zege la uwanjani ni lile lile la zamani, ubao tu ni mpya. Nikasimama pale, Bogna akachomeka ncha ya tepu ya kupimia chini ya kidole cha kiatu changu, akaivuta mpaka kwenye ubao, akapiga magoti, akasoma. Akasoma tena. Wazee wa benchi wakauliza, "Mnapima kaburi?" Bogna akawaambia, "Tunapima la baba yangu." Wakavua kofia, hawakuelewa, akawaacha hivyo.

Ni mita kumi na tisa na sentimita sitini na mbili. Langu siku ile lilikuwa kumi na tisa na arobaini. Hakuna kitabu kitakachoandika, na mimi si mwamuzi. Lakini umerusha hivyo, mdogo wangu, na ulikuwa umesimama vizuri ndani ya duara.

Mazoezi yameanza. Mguu wa kushoto unachelewa, kama wako.

Kaka yako, ukiona sawa niendelee kujiita hivyo,
Erwin

*

Malmö, 2 Mei 1999

Kaka Erwin,

Tuko salama, na tunamshukuru shemeji kwa madonge. Bogna ameandika kurasa nne juu ya chakula na nusu ukurasa juu ya miguu.

Kumi na tisa na sitini na mbili. Nimeisoma karakanani, safari hii mbele ya watu. Jambo lenyewe ni kwamba miaka yote hii nilijiambia ni ishirini. Nilikuwa na uhakika. Kuna fundi mmoja hapa, mzee Göran, nilimwambia ishirini na kidogo tangu tuko kiwanda cha meli, na ameshawaambia wengine. Sasa nifanyeje na mtu huyo?

Bogna anasema tepu yenu imevutika, na kwamba wewe ukisimama unayumba kwa goti, kwa hiyo kiatu si cha kuaminika. Nami nasema ulikuwa umenikumbatia, macho yako yalikuwa begani kwangu, ungeonaje kifuniko cha mfereji?

Nimeomba likizo mwezi wa saba. Irena anakuja. Tutapima upya. Wewe utasimama pale, na ncha ya tepu nitaishika mimi.

Mdogo wako,
Lojzik